Glovu Juu ya Piko

Kilakala,
Morogoro.
Jumatatu, 19 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Mwanvita,

Najua ukiuona tu mwandiko huu mdomo wako utasema shikamoo dada kabla hujafungua bahasha. Marahaba, mama Raya. Hamjambo huko Mpanda? Mgongo wa shemeji Mansuri umepona, au anausingizia ili asiitwe shambani? Na Said, kitinda mimba wako, kile kikohozi kimemwacha?

Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Masika yanaaga. Asubuhi mlima bado umejifunika ukungu mpaka watu wamalize chai, na mboga za Mgeta zimejaa sokoni hadi wauzaji wanatubembeleza. Mguu wangu unanisumbua kwenye ngazi tu. Kaka yetu Stambuli ni mzima, anawasalimu sana, na ile kofia yake iliyopauka hajaivua mpaka leo.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua na simu ninayo. Simu nimejaribu. Kila nikiisikia sauti yako nakimbilia kuuliza habari za mahindi. Kwenye simu mimi ni mwongo hodari, mdogo wangu, wewe mwenyewe unajua tangu tukiwa watoto nani alikuwa akitumwa kwa mama kusema kibuyu kimevunjwa na paka. Barua hii ataichukua Dominiko, jirani yetu wa reli, anakuja huko kwa kazi. Akishaondoka nayo siwezi kumkimbiza, mguu wenyewe ndio huu.

Ni habari za Raya. Tulia kwanza: ni mzima, anakula, anatembea, na leo asubuhi amekwenda kazini. Lakini hakuwa na malaria. Ile malaria niliyokuambia kwenye simu niliitunga mimi. Mtoto uliyenikabidhi nikae naye tangu anasoma uuguzi nimemuunguza mikono, na kidogo tu apoteze kazi yake kwa ajili yangu.

Nianze mwanzo, usije ukadhani nimemmwagia maji ya moto.

Mvua zilipokolea hospitalini kwao walipata wagonjwa wengi wa kuharisha, ikawekwa kambi ya mahema, na Raya akatolewa wodi ya watoto njiti kupelekwa huko. Alikuwa akishinda ndani ya mabuti, aproni ya plastiki na barakoa, mikononi glovu mbili mbili, moja juu ya nyingine, jasho likimchuruzika humo humo. Akizivua ananawa kwa maji ya klorini, anavaa nyingine. Alirudi nyumbani na alama nyekundu juu ya pua, barakoa imemchimba, na vidole vimekauka na kupasuka kwenye viungo. Akikunja ngumi, damu.

Akaniambia, "Mama mkubwa, ni glovu hizi. Zinaniwasha." Mimi nikacheka. Kitu kimetengenezwa kumlinda mtu, kimdhuru vipi? Nilijua ni ujanja wa kukwepa vyombo. Nikawa namwita Bi Nesi. Nikamwachia masufuria ya pilau ayasugue kwa steelwire, na nguo za wiki nzima azifue kwa sabuni ya unga, huku nikimwambia sisi tulilima hadi tukaota sugu na hatukupeleka mikono yetu kwa daktari. Alifua. Unamjua mwanao, habishani na mkubwa. Kambi ikafungwa, akarudi kwa njiti wake, lakini mikono haikurudi kama zamani. Kila akivaa glovu inawaka, na kule kwa njiti huwezi kumgusa mtoto bila glovu.

Sasa unakumbuka kina Abdulatif, mchumba wake, watu wa Mlali, walipokuja mara ya kwanza kujitambulisha. Nilikusimulia walivyosifu chakula. Sikukusimulia habari za shangazi yake. Yule mama alipopewa mkono na Raya hakuuachia. Akaugeuza kiganja juu, akaugeuza tena, akauliza, "Mwanangu, hiki ni nini?" Raya akajibu bila wasiwasi kwamba ni glovu za kazini. Yule mama akasema, "Mmh." Basi. Hakuongeza neno, akaenda kunawa. Aliponawa, Mwanvita, alinawa mpaka kwenye viwiko.

Ile "mmh" nililala nayo na kuamka nayo. Nikaona watu wa Mlali watasema binti yetu ana maradhi ya ngozi na sisi tunayaficha. Nikaapa siku ya mahari hakuna mtu atakayeiona mikono ile. Ndiyo kazi yangu, au siyo? Mjini hapa nani hamjui Chausiku mpambaji? Maharusi wote wa Kilakala na ng'ambo ya mto wamepita kwenye mkeka wangu. Mikono ya wakulima na ya wachoma mahindi, yote nimeitoa ikiwa ya malkia. Nikajiona naweza na hili.

Siku moja kabla ya mahari nikamweka Raya ndani kama mwali. Aliniomba nisimpake kitu. Nilipokataa akaniomba basi iwe hina ya majani, nyekundu, kidogo tu kwenye vidole. Lakini hina haifichi, wewe unajua, inaonyesha kila ufa. Nikachanganya piko. Ile nyeusi ya pakiti, na maji yake makali. Nikamchorea maua manene, majani yamebanana, kutoka kwenye kucha hadi juu ya kifundo, na kwenye kiganja nikajaza kabisa. Ukimtazama ungesema amevaa glovu nyeusi za lesi. Nilichora juu ya nyufa zile zile. Nilikuwa naimba.

Hapa ndipo mkono wangu unakuwa mzito kuandika.

Piko ikikauka haraka haishiki vizuri, wapambaji tunaifunika. Nilikuwa natafuta mfuko wa kumfungia, nikaona kwenye mkoba wake glovu za hospitali. Nikasema hizi hizi, Mungu ameleta. Nikamvalisha glovu juu ya ile piko ikiwa bado mbichi, nikazifunga kwa uzi kwenye vifundo ili shuka zisichafuke. Nilijiona mjanja kuliko wapambaji wote wa Morogoro. Mtoto aliniambia kwa mdomo wake kwamba glovu zinamchoma, nami nikamvika glovu.

Baada ya muda akasema, "Somo, inawaka." Siku hiyo hakuniita mama mkubwa, aliniita somo, yaani kungwi wake, maana ndiyo nafasi niliyokuwa nimekaa. Nami nikamjibu kama somo: "Mwali halalamiki. Inama." Akainama. Mwanvita, huyu ni mtu ambaye mtoto akiacha kupumua anawafokea madaktari wasogee. Nimewahi kusimuliwa na wenzake. Lakini kwenye mkeka wangu alikaa kimya na macho chini, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha mwali akae hivyo. Alisema tena mara moja, kwa sauti ya chini, nikamwongezea mto wa kuegemea. Nilimvua jua likiwa linaelekea kuzama. Maua yalikuwa meusi ti, yameshika, nikawaita majirani waje kuyaona.

Asubuhi maua yalikuwa yamesimama. Kila jani nililolichora lilikuwa lengelenge. Nisamehe nikikuambia hivyo, lakini ulikuwa unaweza kuifuata michoro yangu yote kwa malengelenge, hata pale nilipokosea nikarudia. Vidole vimevimba havikunjiki. Macho nayo yamevimba hadi kufumba. Abdulatif na wazee wake walipofika, Stambuli akapokea mahari sebuleni, mimi nikatoka kusema mwali ana homa kali, hawezi kuonekana. Wakala pilau, wakasema pole. Shangazi yao akatazama mlango wa chumba mpaka wanaondoka. Jioni ukapiga simu kuuliza siku imekwendaje, nikakuambia malaria.

Hospitali walimpokea wakamtibu, akapewa dawa ya kupaka na sindano. Walimuuliza nini kimemfika akasema glovu. Glovu tu. Piko hakuitaja, ile nyeusi yote ilikuwa imebanduka na ngozi. Nilikuwa nje ya pazia, nikasikia. Nilipomuuliza njiani kwa nini, akasema hawezi kumtaja somo wake mbele ya watu kama anashitaki.

Ningeweza kurudi pale pale nikasema. Sikurudi. Nikajiambia glovu hata hivyo zilikuwa na kosa, na glovu haina mdomo wa kujitetea. Nikaziacha zibebe mzigo wangu. Hiyo ndiyo inayonisuta kuliko hata ile piko. Piko niliipaka kwa ujinga, lakini kimya hiki nilikaa nacho nikijua.

Kwa sababu sikiliza kilichofuata. Daktari alipoona glovu zimemtoa malengelenge makubwa kiasi kile, akaandika asivae tena glovu za aina yoyote. Na muuguzi asiyeweza kuvaa glovu afanye nini wodini? Sista Winfrida, mkubwa wao, si mtu mbaya, lakini akamwambia akipona atahamishiwa masjala, akae dirishani atafute mafaili ya wagonjwa. Raya aliitikia vizuri. Alikuja kulia bafuni, maji ameyafungulia ili nisisikie.

Nami nilikuwa namlisha. Hakuweza kushika kitu, kwa hiyo nilikuwa namega tonge, nachovya, namtia mdomoni, kama ulivyokuwa ukimlisha wewe. Nilikuwa namwogesha na kumsuka. Hakunisema hata siku moja. Alikuwa anasema asante mama mkubwa. Wewe unajua ninavyopenda kusemwa asante. Zile asante zilikuwa zinanikwama kooni mimi, siyo yeye.

Halafu akaja Yuliana, mama mmoja wa hapo bondeni aliyejifungua kabla ya siku zake mwaka jana. Kale kanjiti kake Raya ndiye alikuwa akikanywesha maziwa kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Sasa ni toto limenenepa, linatambaa mkekani kwetu, linanyakua kila kitu. Lilipofika kwa Raya likanyoosha mikono libebwe. Raya akaficha mikono yake chini ya khanga ili lisiogope, akawa anachekesha kwa uso tu, kichwa huku, kichwa kule. Mtoto akang'ang'ania khanga, yeye akazidi kuificha. Nikainuka nikaenda jikoni, nikachukua pakiti ya piko iliyobaki. Sikungoja hata Yuliana aage.

Hospitali nilimkuta daktari wa ngozi, Dokta Bernadeta, anafunga chumba. Nikamwekea pakiti mezani nikamweleza yote, na glovu na uzi niliofungia. Nilitegemea anigombeze, nilikuwa nimejikaza kisabuni kabisa. Aliisoma pakiti, akaniuliza niliiacha muda gani, akasema, "Mama, umefanya vizuri kuja." Afadhali angenipiga kofi.

Akamwita Raya, akambandika vibandiko vidogo vidogo mgongoni, kila kimoja na dawa yake, vikakaa siku kadhaa. Majibu yalipotoka akatukalisha wote wawili. Piko ndiyo iliyomuunguza, na asiiguse tena maisha yake yote, hata rangi ya nywele. Glovu nazo mwili wake haupatani nazo, ila si zote. Ni zile za mpira walizozizoea. Zipo nyingine, za bluu, hazina mpira ule, na akivaa ndani yake glovu laini za pamba huenda akafanya kazi. Kwa hiyo, mdogo wangu, tangu mwanzo Raya alikuwa anasema kweli tupu, na laiti ningenyamaza nikamwacha amwone daktari, angebadilishiwa glovu na mambo yangeisha.

Dokta aliniambia jambo jingine. Alisema wako wengi, wauguzi na wafanya usafi, wanaficha mikono hivyo hivyo, na pua zilizochubuliwa na barakoa wanazipaka poda, kwa kuogopa kuonekana wana maradhi au wavivu. Nilitaka kumuuliza kama nao wana mama wakubwa nyumbani.

Aliandika upya, Sista Winfrida akakubali ajaribu. Leo ndiyo siku ya kwanza. Mikono ikikubali anabaki kwa njiti wake. Ikilipuka tena, ni dirisha la masjala na hakuna wa kumlaumu Sista. Ametoka nyumbani amejipaka mafuta mazito, vidole vinang'aa, ngozi mpya bado ina rangi ya waridi kama ya panya mchanga. Nimekaa hapa kibarazani nikiandika, na kila pikipiki ikipita nainua kichwa.

Watu wa Mlali nimewaambia. Nilikwenda mwenyewe, sikumtuma Stambuli. Abdulatif alinisikiliza mpaka mwisho, nikaona hasira inapanda na anaimeza kwa ajili ya mvi zangu. Kisha akasema harusi itaingoja mikono. Yule shangazi akasema "mmh" yake, safari hii naona ilikuwa yangu mimi, na nilistahili. Lakini wakati wa kuondoka alinifungia kapu la nyanya akasema za Raya.

Piko nimeacha. Zilizobaki nimezifukia shimoni. Anayetaka apakwe hina ya majani, na kabla sijamgusa nauliza anafanya kazi gani na mikono yake inasemaje. Wateja wengine wananuna, wanasema Chausiku siku hizi ni daktari. Wanune.

Ninalokuomba ni hili. Wewe ndiye mama mzazi. Tafuta somo mwingine wa kumtoa Raya siku ya harusi yake. Hapa wapo, na huko Mpanda pia wapo. Sitaona vibaya. Nitakaa nyuma na wapishi. Yeye nimemwambia achague mwingine ananicheka tu, na mimi sijui kucheka kule kuna nini ndani yake. Na usinisamehe upesi kwa kuwa ni dada yako mkubwa, maana heshima hizi zetu za mdogo kumnyamazia mkubwa ndizo zilizonyamazisha mikono ya mtoto. Nigombeze. Niandikie, usipige, ukipiga nitajitetea.

Nasikia geti. Naweka kalamu.

Naendelea, alasiri imeshapita. Amerudi. Sikumuuliza, niliogopa. Alivua viatu, akaja akapiga magoti mbele yangu, akaniwekea mikono yote miwili mapajani, viganja juu, kisha akaigeuza mwenyewe. Nilitafuta miwani nikaikosa, iko kichwani. Mwanvita, ni mikavu kidogo penye viungo. Haijatoka kitu. Hakuna wekundu. "Leo haikuwasha," akasema. Leo tu, najua, kesho hatuijui. Lakini amemlisha mtoto. Nililia mpaka akaanza kunibembeleza yeye, nikaona aibu juu ya aibu.

Chakula tumekula sasa hivi. Nilimega tonge kwa mazoea nikampelekea mdomoni, akanishika mkono akaurudisha kwenye sahani yangu. Amekula mwenyewe.

Nisalimie sana shemeji Mansuri, umweleze taratibu. Said mbusu kipaji cha uso. Stambuli anasema atakupigia akipata salio, yaani usimngoje. Ndani ya kifurushi kuna mdalasini na pilipili manga za mlimani, na ndizi alizokausha Raya kabla ya haya yote. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake, awape mvua ya kiasi na afya ya kuvuna, na akikujalia kuja, nikukute mlangoni hata kama umekunja uso.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote, na wiki hii nisiye na uso wa kukutazama,

Chausiku

Mama, shikamoo. Ni mimi Raya, ndiyo leo nimeanza kushika kalamu tangu ile siku, kwa hiyo samehe mwandiko. Ameniambia nisisome nami nimesoma yote. Mgombeze, lakini kidogo. Harusini sitaki hina wala piko, natoka na mikono yangu hivi hivi ilivyo. Somo ni yuleyule, ila safari hii nikisema inawaka, atavua.